Betri ya Pikapu ya Baba

Mimi ni mwalimu, na mwalimu hapendi kuonekana hajui. Kwa hiyo naanza na kosa langu, nilimalize mapema. Kwa muda wa miezi karibu tisa niliiua betri ya gari la marehemu baba kwa mikono yangu mwenyewe, kila Ijumaa, tena nikijisifu.

Lilikuwa pikapu la rangi ya krimu. Baba alilinunua nikiwa darasa la nne, baada ya miaka mingi ya kuendesha malori ya watu. Msimu wa korosho alibeba korosho, na msimu ukiisha alibeba chochote: mbaazi, mabati, wagonjwa, maharusi. Kwetu Naipingo wakati ule magari yalikuwa ya kuhesabu, na sisi watoto wake tuliringa mpaka tukawa tunachukiwa shuleni.

Ndani ya gari lile mlikuwa na redio. Watu wengine wenye magari walikuwa wakizifungua betri na kuziingiza nyumbani, wanaungia redio kaseti na taa, na ukifika msimu wa jando betri inaazimwa na ukoo mzima kwa ajili ya muziki wa ngoma. Baba hakutaka kabisa mambo hayo. "Betri ni ya gari," alisema. "Anayetaka redio aifuate garini."

Basi tuliifuata. Saa saba mchana baba akiwa nyumbani, milango yote miwili inafunguliwa. Yeye anakaa kwenye usukani, mama pembeni yake, sisi tumejazana nyuma kwenye bodi, na majirani wamesimama ubavuni na sahani zao za ugali mkononi. Yanaanza matangazo ya vifo, halafu habari. Mama ni Mmwera, Kiswahili chake alikiokota sokoni ukubwani, kwa hiyo baba alimtafsiria maneno magumu kwa sauti ya chini. Na mara nyingine, nadhani, alimtafsiria mambo ambayo mtangazaji hakuyasema hata kidogo, maana mama alicheka mpaka akajifunika kanga usoni katikati ya habari za Umoja wa Mataifa. Tulimuuliza anacheka nini, akasema tushike adabu. Mpaka leo sijui walikuwa wakiambiana nini.

Baba alifariki miaka miwili na kitu iliyopita. Baada ya arobaini tukakaa kikao cha familia, sisi watoto watano na mama. Kaka yetu mkubwa, anayeishi Dar, alisema maneno yenye akili, na ndiyo yaliyonikera. Kwamba gari linakaa tu. Kwamba hakuna wa kuliendesha isipokuwa mimi, na mimi shule iko hatua mia kutoka nyumbani. Kwamba gari linalokaa huoza, na bora liuzwe likiwa bado gari.

Mama akasema, "Haliuzwi."

Kaka akasema, "Mama, hatuwezi kuweka chuma uani kwa miaka."

Wakavutana mpaka chai ikapoa. Mwisho yakafikiwa makubaliano, na aliyeyatoa ni mama mwenyewe. Kila mwaka tukikusanyika kwa hitima ya baba, kaka atakaa kwenye usukani na kuzungusha ufunguo. Likiwaka, linabaki. Likikataa, linauzwa wiki hiyo hiyo. Hakuna kusukuma, hakuna kuazima umeme wa gari la mtu. Sote tukasema sawa. Kisha wenzangu wakapanda mabasi yao, na mzigo ukabaki kwangu.

Sasa mimi nilikuwa nakumbuka kwamba baba, Ijumaa akitoka msikitini, alikuwa akiliwasha gari hata kama hana safari. Analiacha liungurume dakika tano, anazima, anapiga boneti kofi moja, anaingia ndani kula. Nikasema hiyo ndiyo dawa. Kila Ijumaa nikawasha dakika tano, nikazima, nikapiga kofi. Mama alikuwa akisimama mlangoni kunitazama, na mimi moyoni najiambia, haya, mtoto wa mwenye gari huyu hapa.

Miezi miwili kabla ya hitima ya kwanza nikazungusha ufunguo. Tik. Nikazungusha tena. Tik. Jasho likanitoka, wallahi. Nikaifungua betri, nikaifunga nyuma ya bodaboda kama mbuzi wa sikukuu, nikaipeleka Nachingwea mjini kwa fundi wa betri aliyemjua baba.

Fundi huyo ni mzee mfupi, mashati yake yote yana matundu ya tindikali. Akafungua vifuniko sita, akachungulia, akaniuliza naliwashaje. Nikamweleza kwa madaha, na Ijumaa yangu na dakika zangu tano. Akacheka. Mimi nikachemka.

"Unacheka nini, fundi?"

"Mwalimu, stata ikiwasha injini inakunywa umeme kwa ndoo. Injini ikiunguruma bila kwenda popote inarudisha kwa kijiko. Wewe kila Ijumaa ulikuwa unachota ndoo, unarudisha vijiko viwili, unakwenda kula."

"Lakini baba yangu alifanya hivyo miaka thelathini!"

"Baba yako Jumamosi asubuhi alikuwa na safari ya Mtua na mzigo. Alirudisha ndoo nzima njiani."

Kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ile ya Ijumaa ilikuwa tabia ya baba tu, alipenda kulisikia gari lake. Mimi niliigeuza kuwa sheria.

Betri ile haikufaa tena, nikachukua mpya. Fundi akanifundisha, na mimi nikaandika kwenye daftari kama mwanafunzi. Likae siku nyingi, nifungue waya wa upande wa hasi kwa spana namba kumi, maana saa ya kwenye dashibodi peke yake inaila betri polepole. Maji yakipungua niongeze maji ya betri ya dukani, si ya kisima, yafunike sahani za ndani, vile vibamba vinavyotunza umeme, basi. Ule unga mweupe unaoota kwenye vichwa niuoshe kwa maji ya moto na magadi, nipake grisi. Na angalau mara moja kwa wiki mbili liende safari ya kweli, si kuzunguka uani. Zaidi ya yote, betri isiachwe ikauke chaji kabisa. "Ikikauka mara moja inasamehe," alisema. "Ikikauka mara kumi haisamehi."

Hitima ya kwanza ikafika, kaka akazungusha ufunguo, gari likawaka kabla hajamaliza bismillahi. Nikapiga vigelegele peke yangu. Mama alitazama chini, akatabasamu kidogo, akaenda kupakua pilau.

Ikaanza miezi mizuri kuliko yote niliyoishi na mama. Jumamosi moja ndiyo, moja siyo, tulikwenda Ruangwa. Hatukuwa na shughuli yoyote Ruangwa. Shughuli ilikuwa betri. Mama alivaa kanga mpya, akajipaka wanja, akakaa kwenye kiti chake cha pembeni ameshika mkoba mapajani kama anakwenda kutoa posa. Njiani alinionyesha mambo. Hapa baba yako alizama kwenye matope siku mbili, akala maembe mpaka akaugua. Pale alimpakia bibi harusi, akakuta bwana harusi kakimbia. Nilishangaa, maana nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache. Nikitaka kuwasha redio, alinishika mkono. "Acha, tuzungumze." Tukifika Ruangwa tunakunywa chai na vitumbua karibu na stendi, tunatazama mabasi ya Lindi yakipakia, tunanunua dagaa, tunarudi. Nimesafiri mimi, nimefika Dodoma na Arusha kwenye semina. Hakuna safari ninayoitamani irudi kama ile ya kupeleka betri matembezi.

Mwaka wa pili ukafika katikati, na betri ikaanza kulegea.

Nilifanya kila kitu. Waya nafungua, maji napima, safari tunakwenda. Lakini nikirudisha waya Jumamosi, taa za dashibodi zinawaka za njano, stata inazunguka kwa uchovu. Mara mbili niliipeleka kuchajiwa. Mara ya tatu nilikwenda kwa fundi nimefura. Nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba ameniuzia betri mbovu, kwamba mtu mzima na mvi zake haoni haya kumwibia mwalimu. Aliinua betri, akakigeuza kile kichwa cha hasi kuelekea kwenye mwanga, akanionyesha mikwaruzo mipya imejaa pande zote.

"Mwalimu, hii wewe unaifungua mara ngapi?"

"Mara mbili kwa mwezi."

"Hii inafunguliwa na kufungwa kila siku."

Nikarudi nyumbani kichwa kinagonga. Nikawaza mwizi wa umeme, nikawaza jirani anayechaji simu za watu. Kesho yake sikumwambia mtu. Kipindi cha mwisho cha asubuhi niliwaachia darasa la sita kazi ya kuandika, nikarudi nyumbani saa saba kasoro, nikajibanza nyuma ya jiko.

Mama akatoka ndani. Alifungua fundo la kanga yake, lile ambalo kina mama hufungia vijisenti, akatoa spana namba kumi. Spana ya baba. Mama yangu, ambaye simu ya kubonyeza humshinda, alifungua boneti akaiegemezea chuma chake, akarudisha waya kwenye kichwa cha betri, akakaza, akatikisa kuona kama umekamata. Halafu akaingia kwenye kiti cha pembeni, akanyoosha mkono, akawasha redio. Saa saba kamili. Matangazo ya vifo.

Nikatoka pale nilipojificha kama nyuki. "Mama! Kumbe ni wewe! Mimi nimemtukana mzee wa watu mjini, kumbe ni wewe!"

Hakushtuka. Aliinua kidole ninyamaze, wamalize kusoma jina la marehemu mmoja. Ndipo akanitazama.

"Redio si ipo ndani?" nikamwambia. "Nimekununulia redio nzuri, inatumia jua!"

"Ile ya ndani nasikia habari," akasema. "Hapa likija neno gumu, nageuka hivi, najua angeniambia nini."

Aligeuka kweli, akatazama kiti cha usukani. Hasira yote ikaniishia miguuni. Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi, karibu na tairi.

"Mama, lakini unajua likikataa kuwaka wanaliuza?"

"Si mimi niliyesema?"

"Sasa unalimaliza."

Nilimwomba anipe spana. Akanipa bila ugomvi, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Nikaifungia kwenye kabati langu shuleni. Nikaipeleka betri ikachajiwa siku tatu mfululizo, nikamwomba fundi radhi mbele ya wateja wale wale. Akasema sahani za ndani zimeshachoka, lakini ikiachwa kabisa bila kuguswa itafika siku ya hitima na kuwasha mara moja. Zilibaki wiki tano.

Wiki ya kwanza mama alikuwa wa kawaida. Ya pili, ikifika saa saba alikuwa akitoka, anasimama uani, anarudi ndani. Ya tatu alianza kubakiza chakula. Nilimwambia nitamletea betri nyingine mpya, asikilize mpaka achoke. Akanijia juu. "Usilete. Nikiiona hapa naitumbukiza chooni. Sitaki kumdanganya kaka yako, na sitaki nyingine." Sikumwelewa. Nilidhani ni uzee na ubishi.

Jumatatu ya wiki ya nne nilikuwa nafundisha, nikatazama nje dirishani, saa ilikuwa inakaribia saba. Nikajiuliza hivi ninamtunzia nani gari hili. Nikafungua kabati, nikaichukua ile spana, nikakimbia mpaka nyumbani kwa viatu vyangu vya kisigino, nikamkuta amesimama uani. Nikamwekea mkononi. Alifunga fundo lake la kanga kwanza juu ya ile spana, akalishika, kisha akalifungua tena.

Siku ya hitima nyumba ilijaa. Dua ikasomwa, watu wakala, wageni wakaondoka, tukabaki watoto wa baba. Kaka akaingia kwenye usukani kwa miwani yake na shati lake jeupe. Akasema bismillahi, akazungusha.

Tik.

Akazungusha tena. Hata ile tik haikuja.

Akanigeukia. "Mwaka mzima, mwalimu. Umeshindwa kutunza hata betri?"

Nilikuwa nimeshajiandaa. Nikasema, "Nimeshindwa, kaka."

"Hakushindwa," mama akasema.

Alikuja mpaka mlangoni pa gari, akaweka mkono wake dirishani. Alizungumza Kiswahili chake kile cha sokoni, polepole, ili wajukuu waliozaliwa Dar nao wamwelewe.

"Nimeimaliza mimi. Kila mchana nilikaa hapa na baba yenu. Nilijua mtalichukua, mwaka huu au mwingine. Sikutaka lichukuliwe wakati yeye bado yumo. Leo hayumo. Nimekaa naye mpaka nimeshiba. Liuzeni."

Kisha akarudi ndani kuosha vyombo. Sote tukamtazama kaka, maana sasa ilikuwa juu yake kuteremka na kutoa ufunguo. Hakuteremka. Alivua miwani, akashika usukani kwa mikono miwili, na yule mtu mzima aliyetuletea maneno yenye akili akaanza kulia kwa sauti, akisema kwamba yeye bado, yeye bado hajashiba.