Kwaya Yetu Haikubisha Hodi

Jumamosi ya mwisho kabla ya uchaguzi ule, kwaya ya kanisa letu ilikuja kwangu Kapsoya, hapa Eldoret, kula chapati na ndengu. Wenyewe waliita fellowship ya nyumbani, ati tunaombeana. Maombi yalikuwa mafupi, chapati zikachukua mchana mzima. Sikuona vibaya. Nilipenda kelele zao, na nilipenda kumwona mume wangu, Mwangi, amekaa katikati yao akigonga meza kwa vidole kuwaonyesha mwendo wa wimbo. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi, na mwalimu wa kwaya kwa mshahara wa "Mungu akubariki".

Kwaya yetu ilikuwa na desturi ambayo sijaiona kanisa lingine. Tukimtembelea mtu, hatukubisha hodi. Tulisimama nje ya geti, besi wakaanzisha ubeti, na mwenye nyumba akaitikia kutoka ndani huku akija kufungua. Wimbo wenyewe aliutunga Mwangi. Walio nje waliimba, "Mwenye nyumba, tumefika, tumekuja na amani." Aliye ndani akajibu, "Karibuni, ndugu zangu, mlango uko wazi." Mwangi alikuwa akisema ukishaitikia huwezi tena kukaa na geti limefungwa, utakuwa umemwimbia Mungu uongo. Watu walicheka, lakini walifungua.

Aliyeanzisha ubeti siku zote ni Barnaba. Alikuwa mkulima wa Kapseret, mwenye ng'ombe wa maziwa na besi ambayo ukisimama mbele yake unaisikia mgongoni. Mimi niliimba soprano nikiwa nimesimama mbele yake miaka mingi, kwa hivyo naijua sauti hiyo kuliko mkewe anavyoijua. Siku ile alikula mpaka nikarudi jikoni kukanda unga mwingine. Alimbeba binti yetu Ciku, aliyekuwa ameanza tu kutembea, akamwambia amwite mjomba.

Watu wanapenda kuniambia, pole Mama Ciku, kikulacho ki nguoni mwako. Nguoni wapi? Alikuwa sebuleni, kwenye kiti kizuri.

Alikuwepo pia Mama Chela, jirani yangu wa nyuma, aliyeimba alto. Kati ya ploti yake na yangu kulikuwa na ua wa kayapa tu, wa miiba mirefu. Yeye na Barnaba ni Wakalenjin, sisi ni Wakikuyu wa Nyeri. Nalisema hilo wazi kwa sababu wakubwa wetu wakishika maiki husema "jamii fulani", kana kwamba aliyekufa alikuwa fulani.

Halafu tukapiga kura. Matokeo yaliposomwa redioni, mtu wa kwetu akitangazwa mshindi, mtaa ulinyamaza kwanza, kisha tukasikia mayowe upande wa mashamba. Kesho yake moshi ulikuwa kila mahali ukiangalia. Majirani wetu waliotoka Central kama sisi walipata lori la mtu wa mahindi, wakaanza kupakia watoto na magodoro ili wakimbilie kituo cha polisi. Nilifunga nguo za Ciku kwenye leso, nikatoka nje. Mwangi alikuwa amesimama kwenye mlango na simu mkononi.

"Rudi ndani, Mama Ciku. Barnaba amenipigia. Anasema tusitoke, kwaya inakuja kutuchukua."

"Itatubeba na nini? Na kayamba?"

"Ana pickup. Barabarani vijana wameweka mawe, lakini yeye wanamjua. Atatupitisha."

"Lori liko hapa sasa, Baba Ciku."

"Hawa ni watu wetu. Nikipanda lori nitakuwa nimewaambia siwaamini."

Nilimwambia maneno ambayo mke wa mwalimu wa kwaya hapaswi kuyajua. Lori lilingoja, dereva akapiga honi, likaondoka. Nilirudi ndani nikiwa nimekasirika, nikaweka sufuria ya uji kwa jiko, kwa sababu mtoto hajui siasa.

Tulingoja. Mwangi alivaa shati la kwaya, lile la kitenge cha kijani. Alisema vijana wa barabarani wakiliona watajua sisi ni wa kanisa.

Mchana, wimbo ulianza getini.

"Mwenye nyumba, tumefika, tumekuja na amani."

Ilikuwa sauti ya Barnaba. Ilikuwa safi, imekaa sawa kwenye ufunguo, haina haraka. Mwangi alinitazama, akatabasamu kama mtu aliyeshinda ubishi.

"Umesikia?" akasema.

Alitoka akiitikia. Nilimsikia akiimba mpaka kwa geti. Nilisikia komeo likivutwa.

Kiitikio hakikuisha.

Nilichungulia dirisha la jikoni. Shati la kijani lilikuwa chini. Barnaba alikuwa amesimama kando, mikono mitupu, akiangalia ukuta. Wale aliokuja nao hawakuwa na mikono mitupu. Mmoja alikuwa na mtungi wa petroli.

Sikupiga kelele. Nilimziba Ciku mdomo.

Mlango wa nyuma uligongwa mara moja. Ilikuwa Mama Chela, mikono imechanwa na miiba, damu mpaka kwenye viwiko. Alikuwa amepasua kayapa.

"Leta mtoto," alisema. "Sasa hivi."

Tulipita, tukaingia kwake. Alitulaza nyuma ya magunia ya mahindi, akatufunika na turubai, akatoka nje kufua nguo. Walipomuuliza kama ameona mwanamke na mtoto, aliwajibu kwa lugha yao, bila kuacha kufua, kwamba walikimbia na lori. Nyumba yangu ilikuwa inalia nyuma yake, mabati yakipasuka kwa moto.

Baada ya hapo tuliishi kambini na wakimbizi wenzetu. Sitaeleza kambi, mwenye kuijua anaijua. Nitaeleza wachungaji tu. Walikuja na suti, na spika, na maji yao ya chupa, wakatuambia tumsifu Mungu katika hali zote. Mmoja alituuliza kwa nini hatuimbi kwa furaha. Tulikuwa tumesimama kwenye matope hadi vifundoni. Walipomaliza waliondoka na spika zao, na maji yao pia.

Mwangi tulimzika Nyeri. Nilipotoa taarifa kwa polisi, askari aliniuliza kama kuna mwingine aliyesikia sauti ile na kuitambua. Nikamwambia niitie kwaya, wanaijua wote. Wanakwaya waliitwa, na hakuna aliyekumbuka kitu. Watu waliokariri tenzi kwa sauti nne hawakukumbuka mwenzao alikuwa wapi mchana ule. Mama Chela peke yake alisema alichosikia na alichoona. Polisi walimuuliza atawafikiria watoto wake lini. Faili ilifungwa.

Kambi ilipovunjwa nilirudi Kapsoya. Ndugu zangu waliniita mwendawazimu. Lakini ile ploti tuliinunua na Mwangi, na sikuona kwa nini niiache kwa watu walioshindwa hata kungoja kiitikio kiishe. Nilijenga tena. Nauza nafaka. Ciku amemaliza masomo yake kule chuo cha Chepkoilel, ana kazi, na hapendi nikiongea mambo haya.

Na Barnaba je? Barnaba ni Askofu. Amejipaka mafuta mwenyewe, nadhani, sijui ni nani mwingine aliyekuwa na chupa. Ana kanisa la mabati ya bluu, skrini, na mashine ya kutoa moshi kwenye madhabahu wakati wa sifa. Moshi. Hapa Eldoret. Anawasha mashine ya moshi mbele ya watu wa umri wangu, kisha anashangaa wazee wanakaa karibu na mlango.

Ameurekodi ule wimbo pia. Unapigwa redioni kila uchaguzi ukikaribia, wanauita wimbo wa amani. Nilimsikia akihojiwa, akasema Roho Mtakatifu alimpa maneno hayo akiwa amefunga na kuomba. Basi nijulishwe, maana huyo Roho Mtakatifu nilimfulia soksi.

Mwaka jana mchungaji wetu kijana, Pasta Denno, alikuja dukani. Ni mtoto mzuri, ana gitaa na hana historia.

"Mama, Askofu anataka kuja kwako na team yake. Anataka kuomba msamaha, live."

"Kwa nini asije peke yake?"

"Itagusa watu wengi, Mama. Yeye ataanza ubeti pale kwa geti, wewe unaitikia tu, unafungua. Itakuwa testimony kali sana."

"Na kilichotokea, atakisema?"

Alikuna kichwa. "Anasema alilazimishwa. Walimshikia panga."

Nimelipima neno hilo kwa haki, kwa sababu Mwangi angetaka nilipime. Labda walimlazimisha. Labda simu aliyopiga asubuhi ilikuwa ya kweli, mambo yakamharibikia njiani. Lakini niliimba mbele ya mtu huyo miaka mingi. Najua anavyoimba akiwa na homa, akiwa na njaa, akiwa amegombana na mkewe. Mwenye hofu, pumzi yake hukatika. Siku ile pumzi yake ilikaa.

"Waambie waje," nilimwambia Pasta.

Walikuja Jumamosi mchana, na mashati ya kufanana, kibodi, jenereta na kamera juu ya miguu mitatu. Majirani walijaa barabarani. Mimi nilikuwa sebuleni. Mama Chela alikuwa amepitia jikoni, akabisha hodi kama anavyobisha siku zote, nikamfungulia. Alikaa kando yangu akimenya viazi. Mikono yake bado ina alama za miiba.

"Mwenye nyumba, tumefika, tumekuja na amani."

Sauti imezeeka lakini ni ile ile. Kibodi kilimalizia, kikaacha nafasi ya kiitikio. Nafasi ikapita.

Alianza tena. Nikasikia Pasta Denno akiita, "Mama? Mama Ciku?" Mama Chela alichukua kiazi kingine. Alto yake anaijua, na soprano yangu naijua. Hatukuimba.

Mara ya tatu kibodi hakikupiga. Barnaba aliimba peke yake, na pale kwenye "amani" pumzi ikakatika. Ikatetemeka, ikashuka kutoka kwa ufunguo, ikaisha. Katika miaka yote sikuwahi kumsikia akitetemeka. Kumbe ilitaka tu asijibiwe.

Walizima jenereta. Watu walianza kutawanyika, wengine wakinung'unika kwamba moyo wangu ni mgumu, kwamba Kristo alisamehe. Pasta Denno alinitumia ujumbe wa pole wenye aya ya Biblia. Kama Barnaba angekuja peke yake, bila kamera, akabisha hodi kama binadamu, sijui ningefanya nini. Sijawahi kupata nafasi ya kujua.

Mama Chela alimaliza viazi, akaniuliza, "Unafikiri Mwalimu angefanya nini?"

Sikuhitaji kufikiri. Mwangi angeitikia. Angevaa lile shati na kwenda kufungua, akiimba mpaka kwa geti, hata leo, hata akiwa anajua.

"Angefungua," nilimwambia, nikaenda kuwasha jiko.