Barua Niliyoisoma Busi

Niliondoka Dar es Salaam Ijumaa alfajiri kwa sababu ya barua. Nalisema hili mapema, kabla ya milima na reli, kwa kuwa nikianza na mandhari mtanihurumia, na kwa safari hii sistahili kuhurumiwa.

Barua hiyo iliandikwa kwa mashabiki wa Uwele, timu ya mpira ya Dodoma. Waasisi wake walikuwa wapagazi na wauza nafaka wa sokoni, watu waliochanga uwele debe moja moja, wakauuza, wakanunua jezi za kwanza. Mwaka huu timu imepata mwekezaji, tajiri mwenye kiwanda cha vigae, naye alitaka iitwe Makao. Alisema uwele ni chakula cha miaka ya njaa, na makao makuu ya nchi hayawezi kuwakilishwa na njaa. Mashabiki wakachachamaa. Hapo msaidizi wake akanipigia simu: walihitaji barua ya wazi, kwa Kiswahili chenye moyo.

Mama yangu ni mtu wa Ihumwa. Nimelelewa huko mpaka kidato cha pili, nikiwa na skafu ya Uwele shingoni kila Jumamosi. Ningeweza kukataa. Badala yake niliiandika asubuhi moja tu, na niliifurahia kila sentensi. Kiini chake kilikuwa hiki: "Punje haijawahi kulilia jina. Shambani ni mbegu, kinuni ni unga, mezani ni ugali, na kila inapobadili jina inakuwa imewakaribia zaidi wenye njaa." Jina langu halikuwekwa chini yake. Nami sikuomba liwekwe.

Wiki mbili baadaye alinipigia Yoeli, mtoto wa mjomba, fundi wa kuchomelea vyuma na katibu wa tawi la mashabiki la Ihumwa. Katiba ya timu, alisema, inakataza jina kubadilishwa mpaka mwasisi aliye hai, walau mmoja, apige dole gumba kukubali. Waasisi waliobaki ni wawili: mmoja yuko Zuzu, mwingine Busi kule Kondoa. Mkutano ni Jumatatu. Tawi lilitaka kuwafikia wote wawili kabla ya watu wa tajiri, wapige dole la kukataa, na mlango ufungwe. "Wewe ni mwandishi," akasema. "Tajiri ana barua. Njoo utuandikie yetu." Nikakubali, nikijiahidi kwamba nitamwambia ukweli ana kwa ana, stesheni, kabla hata ya kuketi.

Kuanzia Kilosa treni ya umeme iliingia na kutoka kwenye mahandaki, na kila tulipotoka nchi ilikuwa imekauka zaidi kidogo. Mavuno yalikwisha. Mabua ya uwele yalisimama mashambani yamekatwa vichwa, na upepo wa uwanda wa juu ukiyapepeta kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Nilifanya mazoezi ya maneno ya kumwambia Yoeli. Nilikuwa nayo mazuri sana.

Stesheni ya Dodoma aliniona kabla sijamwona. "Mke wangu huyo!" akapaza sauti mbele ya abiria wote. "Wamekulisha nini huko pwani? Begi limekonda kuliko mwenyewe."

"Mahari hujatoa hata kuku," nikamjibu, "halafu unapiga kelele stesheni."

"Kuku utamla wewe? Umeshazoea pweza."

Ndivyo mabinamu tulivyo, na tangu utotoni Yoeli hajawahi kuniita kwa jina langu. Akabeba begi. Nikacheka, na maneno yangu mazuri nikayameza.

Mchana huo Ihumwa, kwenye karakana yake, niliikuta barua yangu imebandikwa mlangoni. Mafundi na mashabiki walikuwa wamekaa juu ya mageti ambayo hayajapakwa rangi, wakiichambua mstari kwa mstari.

"Aliyeandika hii alaaniwe," akasema fundi mmoja mnene, miwani ya kuchomelea imepanda kwenye paji la uso. "Lakini anajua. Mimi pale kwenye wenye njaa nilisimama kidogo."

"Ulisimama au ulilia?"

"Moshi wa kuchomelea, bwana."

"Moshi gani, na umeme ulikuwa umekatika!"

"Mtu wa pwani huyo," akaamua Yoeli. "Uwele ameuona kwenye picha."

Wakaangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jioni nilikaa kuandika jibu la tawi. Nililiandika mara nne. Kila nilipotafuta picha ya kuutetea uwele niliikuta nimekwisha kuitumia upande wa pili. Nilichompa Yoeli kilikuwa sahihi, chenye adabu, na kimekufa. Alikisoma huku midomo ikitikisika. "Ni nzuri," akasema, kama mtu anayemsifia mgeni uji uliopoa. Hakulalamika. Aliongeza tu, "Ile ya tajiri ina chumvi zaidi, sivyo?"

Jumamosi asubuhi tulikuwa Zuzu. Mzee Stefano, aliyekuwa mpagazi wa magunia sokoni kabla ya kuajiriwa reli, alikuwa akiziba ufa wa ghala kwa udongo. Akatusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," nasi tukamwamkia shikamoo. Yoeli akatandaza karatasi aliyoichapa mjini: upande mmoja umeandikwa NAKUBALI, mwingine NAKATAA. Mzee akautazama mkono wake wenye udongo, asiunyooshe.

"Ya tajiri iko wapi?"

"Hiyo ya nini, mzee? Sisi tumekuja kukataa."

"Nitakataaje nisichokisikia? Baraza husikia pande mbili. Soma ya kwake kwanza, halafu ya kwenu. Mkishanisomea zote, andikeni hapo kwamba nimesomewa zote."

Yoeli akaisoma barua yangu. Aliisoma vibaya, Mungu ambariki: akikata pumzi katikati ya maneno, akiruka nukta, akikohoa. Sentensi zangu zilianguka chini moja baada ya nyingine kama bati lililong'olewa. Niliona uchungu. Natamani ningeweza kusema niliona nafuu, lakini nilikaa pale kwenye kigoda nikiuma meno kwa sababu mtu alikuwa anaiharibu kazi yangu.

"Maneno mengi," akasema Mzee Stefano. Akanawa, akapaka wino, akapiga dole chini ya NAKATAA. Yoeli akaandika pembeni: amesomewa barua zote mbili. Tukiwa tunarudi alisema, "Na bibi wa Busi tutamfanyia hivyo hivyo. Tukimsomea mmoja mbili na mwingine moja, hiyo si haki." Nilimtazama, usukani mikononi mwake, kovu la cheche kwenye kila kidole, nikasema ni kweli.

Jumapili tulielekea kaskazini kwa pikapu ya karakana, nyuma tumebeba geti la mteja wa Kondoa. Tulipita Mayamaya, Zanka, Chemba. Njia yote Yoeli alinisimulia mechi za zamani, na geti lilipiga nyuma yetu kwenye kila tuta. Mara tatu nilifungua mdomo. Mara ya tatu aliuliza, "Unataka kusema nini?" Nikasema nina kiu. Akasimamisha gari, akaninunulia maji.

Baada ya kulishusha geti tukashika barabara ya vumbi mpaka Busi, vilima pande zote. Bibi Mwanaisha alitupokea kivulini mwa nyumba yake, akipembua mbaazi kwa vidole, maana mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili. Huyu ndiye aliyekuwa na meza ya nafaka sokoni Dodoma, ndiye aliyetoa uwele wa kwanza, ndiye aliyezishona namba za jezi kwa mkono. Mume alipofariki alirudi kwao.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Uwele imecheza na nani jana?"

"Imetoka sare, bibi."

"Sare tena! Hao vijana wanakula nini siku hizi? Chipsi?" Akacheka, kisha akageuza uso upande wangu. "Na huyu anayepumua tu?"

"Binamu yangu, bibi. Mwandishi. Atakusomea yeye, mimi vumbi limenikaba."

Akanipa karatasi mbili. Nafasi ilikuwa ile. Ningeweza kusema sisomi, ningeweza kuisoma kama Yoeli alivyoisoma. Nilianza hivyo, kwa sauti bapa. Lakini kufikia mstari wa tatu niliona vidole vya bibi vimeacha mbaazi. Anasikiliza, nikawaza. Na sauti yangu ikainuka yenyewe. Nilijua pa kupumua. Nilijua neno lipi linataka kusubiriwa. Nilipofika kwenye punje isiyolilia jina nilishuka mpaka karibu na mnong'ono, kama nilivyoisikia nilipokuwa naiandika, na machozi yakamtoka yule mama kwenye macho yasiyoona. Nami, niseme ukweli, nilifurahi.

Kisha nikasoma jibu la tawi. Halikuchukua muda.

Bibi Mwanaisha alijifuta kwa ncha ya mtandio. "Huyu tajiri," akasema, "nilidhani anatudharau. Kumbe ameililia njaa yetu. Mtu anayesema hivi amekula uwele akiwa hana kingine. Leteni wino."

Yoeli akamwelekeza upande wa NAKATAA.

"La, mwanangu. Nipeleke kwa kukubali."

"Bibi..."

"Mmekuja kuniuliza au mmekuja kuniambia?"

 Yoeli akakishika kidole gumba cha bibi kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, akakiweka pale alipoambiwa. Sijawahi kuona mtu akifanya jambo gumu kwa upole namna ile.

Ndipo nikasema. Sikutumia hata neno moja kati ya yale niliyoyaandaa. "Bibi, barua ya tajiri niliiandika mimi. Yeye hajalilia njaa ya mtu. Aliagiza tu."

 Kuku akapita kwenye mbaazi, hakuna aliyemfukuza.

"Na wewe umekula uwele ukiwa huna kingine?" akauliza bibi.

"Mama alikula. Alinisimulia."

"Ukachukua njaa ya mama yako ukampa tajiri." Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayetaja bei. Kisha akanyoosha mkono hewani. "Yoeli, nirudishie hiyo karatasi. Ichane. Niletee nyingine."

Zilikuwepo nyingine, Yoeli alichapa tano. Zilikuwa kwenye bahasha mapajani mwake. Tulikuwa watatu, na mmoja wetu haoni. Nikamwambia, "Ichane, Yoeli. Nani atajua?"

Hakunitazama. "Bibi, nisamehe. Dole ni dole. Nikichana hili, kesho watasema la Mzee Stefano pia tumelipika, na watakuwa na haki. Nitaandika pembeni kwamba umejuta, na kwa nini. Hilo naweza."

Akaandika, kwa mwandiko wake wa kuhesabu nondo, na akaniambia nitie sahihi. Nikatia.

Jumatatu, kwenye ukumbi wa mkutano mjini Dodoma, nilisimama mbele ya wanachama na kuyasema yote. Bibi Mwanaisha akapigiwa simu, sauti yake ikatoka kwenye spika: "Macho yangu ni mabovu, akili ninayo. Nimeliondoa dole langu." Mwanasheria wa tajiri alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akauliza maswali mawili: je, bibi alisomewa barua zote mbili? Alisomewa. Je, alilazimishwa? Hakulazimishwa. Mwenyekiti aliigeuzageuza karatasi ile kama anayetafuta upande wa tatu. Halafu akatamka kwamba katiba inadai dole moja, na dole lipo. Yule fundi mnene wa Ihumwa alivua skafu yake, akaikunja vizuri, akaiweka mfukoni. Hakunitukana. Hakuna aliyenitukana, na nilikuwa nimekaa nikisubiri.

Jumanne asubuhi Yoeli alinipeleka stesheni. Niliomba radhi tena njiani, akasema ameshasikia. Watu wataniuliza nilichojifunza. Nimejifunza kwamba siku zote nilidhani aibu ya mwandishi ni kuandika vibaya. Watu wa Ihumwa walikuwa na ukweli na hawakuwa na maneno, nami nilikuwa na maneno, nikayauza kwanza na kuwaletea makapi. Na pale Busi, nilipopewa nafasi ya kunyamaza, nilitaka kupigiwa makofi na mama kipofu. Tajiri hakuniagiza kusoma vizuri. Hilo nilimpa bure.

Treni ilipotangazwa Yoeli alinishushia begi. Nilisubiri. Nilisubiri aniulize kuhusu pweza, aniite mke wake mbele ya abiria, aseme kuku wa mahari yuko njiani. Alifuta kiganja chake kwenye suruali, akanipa mkono kwa adabu kama mtu anayemsindikiza afisa mgeni, akanitaja kwa jina langu kamili, la kwangu na la baba.

"Safari njema, dada," akasema. "Karibu tena Dodoma."