Mashine Iliyotangulia Siku

Kwa miaka minne Damaris Mbeyu alikuwa fundi pekee wa kompyuta katika kiwanda kimoja cha chumvi upande wa Marereni. Alizaliwa Matsangoni, akasomeshwa na mama aliyeuza viazi vya karai, na tangu utotoni alikuwa mwoga: mtu wa kurudi mlangoni mara mbili kuhakikisha kwamba kweli amefunga. Kazini woga huo ulimfaa. Aliamini kwamba anayetazama mara mbili hakosei, na aliamini hivyo hadi Jumatano moja ya mwezi wa tano.

Saa nne na robo asubuhi mwanamke aliingia ofisini, vumbi hadi magotini, ndara mkononi. Alikuwa Kahaso, mke wa mzee Ziro aliyesafisha mifereji na visima vya pampu.

"Shikamoo, mama," Damaris alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Ziro hakurudi nyumbani jana."

Msimamizi, Bwana Musyoka, alisikia kutoka mezani kwake. Akamwambia Damaris afungue daftari la lango kwenye kompyuta. Kila mfanyakazi hugusisha kadi kwenye mashine ya langoni akiingia na akitoka, nayo mashine huandika siku na saa. Jina la Ziro lilikuwapo. Jumanne, ameingia saa moja kasorobo asubuhi, ametoka saa kumi na moja na dakika kumi na mbili jioni.

"Umeona, mama? Alitoka jana," Musyoka alisema kwa upole. "Muulizieni kwa jamaa."

"Miaka ishirini na sita hajalala nje," Kahaso alijibu. "Jamaa gani?"

Musyoka alitazama saa yake. Jana yake Ziro alikuwa peke yake akikwangua chaza walionata ukutani katika kisima kikubwa cha pampu, kilichokaushwa kwa kazi hiyo. Saa nne na nusu, bahari ikiwa imejaa, kompyuta ya pampu ingefungua lango la maji yenyewe. Asubuhi hiyo hakuna aliyechungulia kisimani. Daftari lilisema watu wote wametoka, na daftari lilitosha.

Damaris aliteremsha orodha hadi mwisho, akitafuta kama mzee amegusisha kadi leo. Jina la chini kabisa lilikuwa lake mwenyewe, alipoingia saa mbili kasoro dakika tano. Kando yake pameandikwa Alhamisi.

Leo ilikuwa Jumatano.

Damaris alijua mara moja kosa liko wapi. Katika kila kompyuta ya kiwanda kuna programu ndogo inayofanya kazi nyuma ya pazia, bila mtu kuiona. Kila baada ya dakika chache huiuliza kompyuta kuu ya ofisini ni siku gani na saa ngapi, kisha hurekebisha saa ya mashine yake, ili zote ziende pamoja. Wiki tatu nyuma Damaris aliisimamisha ile ya langoni alipokuwa akitengeneza waya. Akasahau kuiwasha. Jumapili umeme ulipopotea saa ya mashine ikafutika, na mlinzi, kwa nia njema, akaiweka kwa mkono. Akabonyeza Jumatatu.

Basi Jumanne ya mashine ilikuwa Jumatatu ya watu. Akafungua ukurasa wa Jumatano, ambao kwa haki ulikuwa wa jana. Ziro ameingia. Hakutoka.

"Bwana Musyoka," alisema, akiinuka. "Mzee yumo ndani. Yumo kisimani!"

Musyoka alipiga simu ya nyumba ya pampu. Iliita, ikaita, ikakatika; na kutoka ofisini pampu haizimiki. Zilibaki dakika tisa, na saa ya kompyuta ya pampu, hiyo, ilikuwa sahihi kabisa.

Walikimbia juu ya tuta jembamba kati ya vidimbwi, jua likimetameta kwenye chumvi hata macho yakauma. Nyuma yao Kahaso alikuwa akiita jina la mumewe, tena na tena. Ndipo Damaris akasikia mlio mbele yake, wa mota, na wa maji yanayoanguka.

Lango lilikuwa limekwisha kufunguka kiasi cha shubiri mbili. Damaris alijitupa ndani ya nyumba ya pampu akapiga kitufe chekundu kwa kiganja. Mota ikanyamaza. Maji hayakunyamaza. Musyoka alishika gurudumu la kufungia akalizungusha huku akiguna, naye Damaris akalikamata upande wa pili, hadi lango likashuka.

Hapo tu ndipo alipothubutu kuchungulia. Chini, maji ya kahawia yalikuwa yakizunguka. Ziro alikuwa amekumbatia kipande cha ngazi iliyovunjika, maji kifuani, midomo imempauka.

"Nimeita usiku kucha," alisema, kwa sauti ya mtu anayeona haya kusumbua wengine.

Mguu wake ulikuwa umevunjika mahali pawili alipoanguka na ngazi. Wakubwa walipokutana Damaris alisema mwenyewe kwamba yeye ndiye aliyeizima programu. Akapewa barua ya onyo, na kuanzia siku hiyo maji hayafunguliwi kabla mtu hajashuka na kutazama kwa macho.

Siku ya nne alikwenda hospitali Malindi. Alisimama mlangoni pa wodi muda mrefu, mara mbili akageuka kuondoka. Kahaso alimwona.

"Wanasema ni wewe uliyezima kitu."

"Ni mimi, mama."

Kahaso alimtazama hata Damaris akatamani kupigwa. Kisha akavuta kiti cha plastiki, akakiweka karibu na kitanda.

"Mwambie mwenyewe," alisema. "Yuko macho."

Damaris akaketi, akaanza kueleza tangu siku ya waya.