Skolastika na Boma la Zahanati

Skolastika alizaliwa mwaka 1921 karibu na Simbo, binti wa Leonardi na Honorata, wakulima wa mihogo na maharage, na alibatizwa kabla hajatimiza mwezi. Aliolewa, akajaliwa mtoto mmoja tu, na mtoto huyo alimfia mgongoni njiani kwenda hospitali ya Kigoma. Aliporudi alimwahidi Mungu kwamba kijiji chake kitapata zahanati. Tangu hapo hakumpa mtu raha, hasa mwenyekiti wa kijiji, Gervasi, ambaye alikuwa akibadili njia akimwona kwa mbali.

Mwaka 1972 serikali ilikubali: wananchi wapandishe kuta mpaka lenta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha, nayo ilete mabati, dawa na mganga. Mkaguzi angefika mwisho wa Oktoba. Boma, yaani kuta hizo zisizo na paa, likichelewa, mabati yangekwenda kijiji kingine. Kuta zilikuwa kiunoni wakimbizi kutoka Burundi walipofika, wengi wao wagonjwa. Hakuna aliyeitamani zahanati ile kuliko Skolastika, lakini ndiye aliyewaingiza ndani ya boma na kuwajengea vibanda vya nyasi humo humo. Gervasi alimwonya kwamba mkaguzi atakuta kambi, na kijiji kitakosa kila kitu. Skolastika aliogopa, akalia mbele ya watu, lakini hakuwatoa.

“Zahanati ni ya wagonjwa, Mzee Gervasi,” alisema, “na wagonjwa wameshafika.”

Juma lile lile mkimbizi mmoja, fundi mwashi Barutwanayo, alimwendea na wenzake. “Mama, hatukuja kukaa bure,” alimwambia. “Tuonyeshe udongo.” Wakafyatua matofali bega kwa bega na wenyeji, wakielewana bila shida kwa kuwa Kiha na Kirundi ni ndugu. Mkaguzi alipokuja, kuta zilikuwa zimefika lenta. Aliuliza wanaoishi humo ni akina nani, na Gervasi ndiye aliyejibu, “Ni wenzetu waliojenga.” Mabati yaliletwa kabla ya mvua kubwa, na Barutwanayo ndiye aliyeyapigilia.

Miaka sita baadaye upepo mkali uling'oa mapaa mengi, lakini la zahanati halikutikisika. Wazee husema ni sala za Skolastika. Barutwanayo alisema ni misumari yake. Mimi nasadiki yote mawili.

Skolastika alifariki mwaka 1996 katika zahanati hiyo, mkono wake ukiwa katika mikono ya muuguzi Lyse, binti wa Barutwanayo, aliyezaliwa ndani ya boma lile kabla halijaezekwa. Anayetaka kumwiga Skolastika asisubiri jengo liishe.