Ng'ombe wa Baba Chebet

Leo nimemwaibisha mtu mbele ya hoteli nzima na sijutii hata kidogo.

Nilikuwa nakunywa chai hapa Chepilat. Jirani yangu Baba Chebet alikuwa anafunza vijana ushabiki.

"Nyinyi mnahama timu kila msimu," akawaambia. "Sisi miaka ya tisini tulishabikia timu ya kiwanda chetu cha chai mpaka siku iliposhuka daraja. Hakuna mtu alitoka uwanjani."

Hakuna mtu alitoka!

Jamani, mimi nilikuwa pale. Nilitoka kuchuma majani chai nikaenda moja kwa moja, kikapu bado mgongoni. Tulipofungwa bao la pili watu wakaanza kuondoka, na yeye ndiye alikuwa mbele.

Nikamuuliza, "Baba Chebet, si wewe ulienda hata kabla ya mapumziko?"

Akakohoa. "Mama Akinyi, ng'ombe walikuwa wananingoja niwakamue."

"Na ule mwaka tulichukua kombe, ukacheza ngoma uwanjani mpaka giza? Ng'ombe walijikamua?"

Vijana walicheka mpaka mmoja akamwaga chai.

Nikafungua sweta. Ndani nilikuwa nimevaa jezi ya timu ile ile, imepauka kabisa. Timu ilivunjwa zamani. Mimi bado ni shabiki wake, na sitaki kuulizwa kwa nini.

Mnaotaka kusema nilikuwa mkali, ngojeni kwanza. Mnajua aliniomba nini?

Eti nimpe hiyo jezi avae kidogo, apigwe picha na vijana!

Nikafunga sweta mpaka kifungo cha shingo, nikamwambia aende nyumbani, ng'ombe wanangoja.