Nakala ya Bi Nakala

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika. Mtaa mzima ulimwita Bi Nakala, naye hakulikataa, maana alilipata kwa jasho. Kwa miaka thelathini na mmoja alipiga chapa katika ofisi za halmashauri, chumba cha wanawake kumi na wawili na mashine kumi na mbili, kelele kama mvua juu ya bati. Karatasi juu, kaboni katikati, karatasi chini. Ukikosea herufi moja umekosea mara mbili. Hakuna barua iliyotoka mikononi mwake bila nakala kubaki, na wakubwa wengi waliotaka kuyakana maneno yao waliwekewa maneno hayo mezani.

Kompyuta zilipokuja, mashine zilisombwa kwa toroli zikatupwa stoo. Bi Nakala alijifunza kompyuta, tena vizuri, asije mtu akasema alikimbia. Lakini siku ya kustaafu alipoulizwa anataka zawadi gani, alisema anataka mashine yake. Walidhani anatania. Akaandika barua ya maombi, akakubaliwa, akarudi nyumbani kwa teksi ameipakata mashine kama mtoto aliyetoka kulazwa.

Kitinda mimba wake, kijana aliyeishi naye, hakuacha kumtania. Alimwambia saa, kalenda, kamera, tochi, kamusi na kitabu cha simu vyote sasa vimo ndani ya simu, mfukoni mwake. Mama akamjibu kwamba mfuko ukitoboka atabaki hana hata saa.

Nyuma ya nyumba yao ulipita mfereji mkubwa wa maji ya mvua, na juu yake kidaraja cha mbao cha kuvukia kwenda zahanati. Mbao mbili zilioza. Kijana akapeleka malalamiko kwa simu, kama halmashauri ilivyoagiza. Jibu likaja papo hapo kwamba lalamiko limepokelewa, na baada ya wiki, kwamba limeshughulikiwa. Akatoka kutazama: mbao ni zile zile. Akatuma tena, na tena. Mara tatu likashughulikiwa, na hakuna aliyegusa hata msumari.

Wiki ya tano, jirani yao fundi cherehani alivuka na furushi la nguo za wateja kichwani. Ubao ukakatika. Akavunjika mguu wa kulia, ule ule wa kukanyagia cherehani.

Bi Nakala alikwenda kumjulia hali hospitali. Aliporudi hakugusa chakula. Alivua mashine kifuniko, akaandika tarehe zote, idadi ya mbao, jina la majeruhi na yale majibu matatu ya simu, neno kwa neno. Akazunguka nyumba kwa nyumba mpaka saini zikafika thelathini na nane.

Alipoipeleka barua halmashauri, dada wa mapokezi alimwambia kwa upole kwamba siku hizi barua hazipokelewi, kila kitu ni kwa simu, ndio utaratibu.

"Utaratibu huo umeandikwa wapi, mwanangu? Nipe niusome."

Dada akafungua droo, akafunga. Akapiga simu ghorofani. Mwishowe akamwomba bibi aiache tu pale mezani.

"Siiachi. Igonge mhuri, na nakala yangu uigonge, kisha uandike tarehe na jina lako."

Akaambiwa mhuri umefungiwa kabatini, na mwenye ufunguo yuko kikaoni. Bi Nakala akavuta kiti. Alikaa pale tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, mkoba mapajani, akiwasalimia wote wanaoingia na kuwaeleza anachongoja. Mhuri ulipopatikana, kidau chake cha wino kilikuwa kimekauka kau. Akatoa mkobani kichupa cha wino.

Wiki mbili baadaye mhandisi wa halmashauri alikuja kwenye mkutano wa mtaa. Alipoulizwa habari za daraja, alitazama kishikwambi chake akasema mfumo hauonyeshi lalamiko lolote ambalo halijashughulikiwa. Bi Nakala akasimama, akasoma barua yake yote, mpaka mhuri, mpaka jina la aliyeipokea. Kisha akakunja miwani.

"Mhandisi, mfumo wako unasema daraja ni zima. Haya, twende tukavuke. Wewe utangulie."

Watu hawakucheka. Waliinuka, na mhandisi akajikuta katikati yao mpaka ukingoni mwa mfereji. Alitazama chini, akatazama viatu vyake, na hakuvuka.

Siku ya tisa mafundi walikuja na mbao mpya na vyuma vya kushikia. Hakuna aliyeomba radhi. Mguu wa fundi cherehani uliungana vibaya, na siku hizi anakanyagia wa kushoto, kazi ya siku moja inamchukua mbili.

Miezi michache ikapita, halmashauri ikatangaza kwamba kuanzia mwezi ule haitapokea tena barua za karatasi. Kijana alimsomea mama tangazo kutoka kwenye simu. Mama akauliza limesainiwa na nani. Halikuwa na saini.

"Basi huo ni uvumi," alisema, akaivuta mashine karibu aandike barua ya kudai tangazo lenye saini.

Jumatatu aliipeleka barua mwenyewe. Safari hii majirani kumi na mmoja walifuatana naye, fundi cherehani mbele na gongo lake, na kila mmoja alikuwa na nakala.