Kuku wa Mwalimu

Siku mwanangu alipoanza darasa la awali, mwalimu alimshika mkono pale mlangoni naye akaingia bila hata kugeuka. Watoto wengine walikuwa wanalia, wameng'ang'ania kanga za mama zao. Mama mmoja akaniambia nina bahati, wangu amekomaa. Nilirudi nyumbani nimenuna, na njia nzima sikumsalimia mtu.

Sisi ni watu wa ziwani, upande huu ambako milima inashuka mpaka majini na mahali pa kulima ni padogo. Wanaume wanavua, wanawake tunafinyanga vyungu. Mama yangu alinifundisha nikiwa na miaka minane, kama yeye alivyofundishwa na mama yake, na kila Jumamosi vyungu vyetu vinapanda mitumbwi kwenda sokoni Matema. Mtoto ninaye huyu mmoja, wa kike. Nilikuwa nimeshajipangia kwamba nitamfundisha mimi, na kwamba akiulizwa kitu chochote amekijulia wapi, atajibu: kwa mama.

Mwezi haukuisha nikajua nimewahiwa. Kila jioni alirudi na jambo jipya, na kila jambo lilianza na "Mwalimu anasema." Mwalimu anasema tunawe kwa sabuni kabla ya kula. Nikamwonyesha mikono yangu, ambayo imeshinda kwenye udongo na maji tangu asubuhi, nikamuuliza hii inahitaji sabuni ya nini. Akanijibu kwamba vidudu havionekani, akaenda kunimiminia maji mwenyewe. Alihesabu vizibo vya soda mpaka ishirini, akaishiwa vizibo, akaanza kuhesabu dagaa wa baba yake waliokuwa wameanikwa. Alijua rangi. Alijua wimbo wa siku za wiki, ambao niliusikia mpaka nikauota. Siku moja akasimama mbele ya chungu changu kikubwa, akazungusha kidole kwenye ukingo wake, akasema, "Hili ni duara."

"Najua," nikamwambia.

"Nani alikufundisha?"

"Bibi yako."

Akafikiri kidogo. "Kwani bibi alikuwa mwalimu?"

Nimezungusha maduara maisha yangu yote, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba ile ni hisabati.

Mume wangu aliona mapema. "Wewe mwanamke," alisema huku anarekebisha nyavu, "unamwonea wivu mwalimu wa chekechea?" Nikamwambia sina wivu na mtu. Nilikuwa nao mpaka kwenye kucha.

Huyo mwalimu alikuwa binti mdogo kutoka Mbugani, Kyela mjini, ambaye hata mtoto hakuwa naye. Nilimtafutia kasoro kwa bidii. Nilisema labda anachapa watoto, hachapi. Nilisema labda anaringa kwa sababu ni mtu wa mjini. Akawa wa kwanza kuniamkia njiani. "Shikamoo mama. Binti yako ana akili kweli, anawasaidia na wenzake."

"Marahaba. Ndaga," nikamjibu, nikapita. Ndaga ni asante ya kwetu, na siku ile niliitoa kama mtu anayetema mfupa wa samaki. Mtu akiwa mbaya unamchukia unapumzika. Huyu alininyima hata hiyo nafasi.

Kimoja tu kilikuwa kimebaki changu, udongo. Ndipo mtoto akaja kuniambia kwamba kesho darasani watafinyanga, kila mtoto aje na udongo wake. Roho iliniuma kama mtu aliyekuta mgeni anapakua jikoni kwake. Lakini nikampa donge zuri, la udongo nilioutwanga mwenyewe na kuutoa mawe, ili walau huyo mwalimu aone udongo unatakiwa uweje.

Alirudi na kuku. Alikuwa mkubwa kama ngumi zangu mbili, ameshindiliwa, hana uwazi popote, mdomo wake kipande cha kijiti. Nilimpokea nikamgeuza. Kwa mtoto wa miaka mitano, alikuwa mzuri. Mkia wake ulikuwa umeinuka vile vile kuku wetu wanavyouinua wakitishwa.

"Mbona umemshindilia hivi?"

"Mwalimu anasema ukibana sana hakatiki shingo."

"Na ni wa nani?"

"Wa mwalimu. Zawadi yake. Mama, mchome awe mgumu kama vyungu vyako."

Mimi hakuwahi kunifinyangia kitu. Alikuwa amekaa miguuni kwangu tangu hajaota meno, akichezea udongo ule ule, na kitu cha kwanza alichokimaliza kwa mikono yake kilikuwa cha mtu mwingine. Nilitamani kukirudisha kuwa donge pale pale.

Sasa nieleze jambo ambalo kila mfinyanzi wa kwetu analijua. Udongo uliojaa ndani hauchomwi. Nje unaonekana mkavu, kumbe katikati bado una maji, na moto ukiyafikia maji yale kitu kinapasuka. Dawa yake ni rahisi. Unamgeuza kuku, unamkomba tumbo kwa kijiko, unamweka juu ya jiko siku kadhaa akauke taratibu. Ni kazi ndogo, na kijiko kilikuwepo hapo hapo karibu yangu. Mama yangu aliniambia habari hiyo siku ya kwanza kabisa, kabla hata sijagusa udongo. Na hilo ndilo lilikuwa somo langu, ambalo mwalimu wake hakuwa nalo. Ningemwita mtoto, ningemfundisha, ningepata nilichokuwa nakitaka tangu mwanzo. Lakini kuku yule alikuwa anakwenda kwa mwalimu, na mimi nilinyamaza.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, shule hakuna. Vyungu vya sokoni vilipoondoka na mitumbwi, nikabaki kuchoma vya wiki ijayo. Nilipanga vyungu, nikavizungushia kuni na kuvifunika nyasi. Kuku nikamweka peke yake pembeni, hatua nne kutoka kwenye vyungu, nikamwashia moto wake mdogo.

"Amepata nyumba yake," mtoto akasema, anafurahi.

"Ndiyo."

Siwezi kujitetea kwamba nilipitiwa. Mtu aliyepitiwa angemchanganya na vyungu. Mimi nilivikinga vyungu vyangu kwanza.

Tulikaa kivulini tukisubiri. Aliniimbia siku za wiki. Alikuwa amefika Alhamisi kuku alipopasuka. Ulikuwa mlio mmoja mkavu, majivu yakaruka, kipande kimoja kikagonga mgomba. Mtoto alinyanyuka akasimama tu, mikono juu ya kichwa. Nilimshika asiusogelee moto. Ulipopoa tukaenda pamoja, akachuchumaa akaanza kuokota. Alipata shingo nzima. Mkia hakuuona.

Nilisubiri alie. Nasema ukweli, nilitaka alie ili nimpakate, nimwambie hao walimu wenu hawajui udongo. Hakulia. Alipanga vipande mapajani, juu ya gauni lake, kisha akasema taratibu, "Mwalimu alisema yeye hajui kuchoma. Alituambia wote darasani kwamba wewe ndiye unayejua. Alisema hata yeye atakuja umfundishe."

Aliinua uso akaningoja nieleze. Nikisema nilijua, ataniuliza kwa nini nilimwacha apasuke, na jibu la swali hilo sikuweza kumpa mtoto wa miaka mitano. Nikisema sikujua, basi kile kitu kimoja nilichokuwa nacho na mwalimu hana, nakitupa kwa mkono wangu.

"Hata mimi sikujua, mwanangu," nikasema.

Nikaona anaamini. Aliviweka vipande chini kimoja kimoja, akajipangusa majivu, akanishika goti.

"Si kitu, mama," akasema. "Umejaribu."

Kisha akarudi nyuma hatua moja, akasimama wima. Darasani kwao, anayekwenda ubaoni akakosea hupigiwa makofi matatu kwa sababu amejaribu. Akanipigia yote matatu.